Kanisa la chumvi la Wieliczka: jinsi ya kushuka, kulitazama na kutoka

Wageni wengi huja Wieliczka wakidhani wanakwenda kanisani, kumbe wanakwenda mgodini, na kanisa limo katikati ya mwendo wa saa mbili na zaidi chini ya ardhi. Hulifikii moja kwa moja kutoka mlangoni, huruhusiwi kulitafuta peke yako, na ukishalifikia, kikundi kilicho nyuma yenu tayari kinapiga hodi. Dakika unazopewa mle ndani ni chache. Hatua zifuatazo zimepangwa ili ufike pale ukiwa bado na pumzi, na ukijua pa kuelekeza macho.

Wieliczka ni mji mdogo nchini Poland, kilomita 14 hivi kusini-mashariki mwa Kraków. Chumvi ya mwamba ilichimbwa hapa tangu karne ya 13 hadi 1996. Mgodi una ngazi tisa za uchimbaji na unafika kina cha mita 327. Watalii hutembezwa kati ya mita 64 na mita 135 tu. Tangu 1978 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, tena katika kundi la kwanza kabisa. Makanisa madogo ni kadhaa, kwa sababu wachimbaji walioshuka kabla ya jua kuchomoza walitaka mahali pa kusali karibu na kazi. Kubwa kuliko yote, na ndilo watu wanalolifuata, ni Kikanisa cha Mtakatifu Kinga, kilicho mita 101 chini ya ardhi. Usidanganywe na neno kikanisa: urefu wake unapita mita 50, na dari lake liko juu kama la jengo la ghorofa tatu.

Hatua ya 1: Chagua njia kabla ya kulipa

Mgodi una njia zaidi ya moja, na hapa ndipo watu hupoteza pesa. Njia ya Watalii, Trasa Turystyczna kwa Kipolandi, huanzia shimo la Daniłowicz na ndiyo inayopita katika Kikanisa cha Mtakatifu Kinga. Njia ya Wachimbaji, Trasa Górnicza, huanzia shimo lingine liitwalo Regis. Huko unavalishwa ovaroli, kofia ngumu na taa, na unafundishwa kazi za mgodini. Ni nzuri kwa anayependa migodi, lakini kanisa hulioni. Kila mara yupo mtu anayevutiwa na picha za kofia na taa, akanunua tiketi hiyo, kisha akauliza akiwa chini Kinga yuko wapi.

Ukija na kikundi cha parokia au jumuiya, ulizia njia ya mahujaji, ambayo hupitia makanisa na inaweza kuunganishwa na misa. Waafrika Mashariki wengi wanaofika Kraków huwa wamekuja kuhiji patakatifu pa Huruma ya Mungu, pale Łagiewniki, mtaa wa Kraków. Kuiweka Wieliczka katika ratiba hiyo hiyo kunahitaji nusu siku nzima, si saa moja ya kujipenyeza kabla ya chakula cha mchana.

Hatua ya 2: Tiketi na viza

Tiketi hununuliwa mtandaoni kwa siku, saa na lugha ya kiongozi. Yote matatu ni muhimu. Ziara za Kipolandi ni nyingi na bei yake ni nafuu, lakini usipojua Kipolandi utatembea saa mbili kama bubu harusini. Kiingereza hupatikana kwa saa nyingi zaidi kuliko lugha nyingine za kigeni. Julai, Agosti na wikendi foleni ni ndefu, na saa za katikati ya mchana hujaa kwanza. Chukua saa ya mapema asubuhi au za mwisho mwisho alasiri: vikundi vinapungua, na kanisani unapata nafasi ya kusimama bila kugongwa bega. Katika sikukuu kubwa kama Pasaka na Krismasi mgodi hufungwa kwa watalii, kwa hiyo angalia kalenda yao kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Poland imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza hiyo. Fedha yao ni zloti, si yuro.

Hatua ya 3: Kufika

Njia rahisi ni treni. Panda kituo kikuu, Kraków Główny, ile iendayo Wieliczka, ushuke kituo cha mwisho: Wieliczka Rynek-Kopalnia. Neno Kopalnia maana yake ni mgodi. Kabla ya hapo kuna vituo viwili vyenye jina Wieliczka pia, Bogucice na Park, na anayesikia "Wieliczka" akakurupuka hujikuta ana mwendo mrefu wa miguu. Safari huchukua chini ya nusu saa, na kutoka kituoni hadi shimo la Daniłowicz ni dakika chache za kutembea. Treni hiyo hiyo hutoka uwanja wa ndege na kupitia Kraków, hivyo anayetua asubuhi anaweza kuja moja kwa moja. Tatizo litabaki mizigo.

Basi namba 304 nalo linafika karibu na mgodi. Wieliczka iko nje ya mpaka wa jiji, kwa hiyo tiketi ya kawaida ya mjini haitoshi. Nunua inayofunika ukanda wa pili pia, na uigonge kwenye kimashine mara tu unapopanda. Wakaguzi hawasikilizi maelezo ya mgeni.

Hatua ya 4: Mavazi na mizigo

Chini kuna nyuzijoto 17 hadi 18, kiangazi na kipupwe. Mtu wa Arusha ataona kawaida. Wa Mombasa abebe sweta. Wakati wa baridi tatizo hugeuka: unaingia na koti zito la theluji, na baada ya dakika kumi za kutembea umelowa jasho. Vaa nguo za tabaka zinazovulika.

Viatu ndivyo vya kufikiria zaidi. Sakafu ni ya chumvi iliyosuguliwa na mamilioni ya nyayo, inang'aa na kuteleza kama sementi iliyopigwa nili. Vaa viatu vya raba visivyo na kisigino, hata kama unakwenda misani. Viatu vya kanisani beba mkononi kama huwezi kuviacha. Begi kubwa halishuki, chukua mkoba mdogo. Kigari cha mtoto ni mateso kwenye ngazi, mbebe mgongoni. Nenda choo kabla ya kushuka, maana vyoo vya chini vipo lakini haviko kila kona.

Hatua ya 5: Kushuka

Mwanzo ni ngazi za mbao 380 ndani ya shimo la Daniłowicz, hadi mita 64. Katika ziara nzima utakanyaga ngazi 800 hivi, na sehemu kubwa ni za kushuka. Zinakwenda kwa vipande vifupi: vidato saba hivi, unageuka, vidato saba tena, unageuka. Kinachowasumbua watu ni kizunguzungu kuliko uchovu. Ukigeuka upande uleule mara hamsini kwa kasi ya kikundi, kichwa kinaanza kuzunguka peke yake. Shika kikingo, tazama mgongo wa aliye mbele yako, na usichungulie chini katikati ya ngazi. Mwenye magoti mabovu asijaribu ushujaa hapa. Zipo taratibu za kushuka kwa lifti kwa wenye ulemavu na wasioweza ngazi, ila sharti uzipange na mgodi kabla ya siku yenyewe. Mlangoni hakuna miujiza.

Kiongozi anaweza kuwasalimu kwa "Szczęść Boże", salamu ya wachimbaji wa Poland, yaani Mungu akubariki. Itikieni hivyo hivyo, hata kama ulimi utajikwaa.

Ngazi zikiisha, gusa ukuta wa kwanza. Ni wa kijivu, mgumu, unafanana na saruji kuliko chumvi. Aliyezoea chumvi nyeupe ya jua kutoka mashamba ya Bagamoyo au Ngomeni hataamini. Rangi hiyo inatokana na udongo na uchafu mwingine uliochanganyika na chumvi wakati bahari ya kale ilipokauka, zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita. Mwenye shaka huchovya kidole mate, akapaka ukutani, akalamba. Viongozi huruhusu mahali fulani, usilambe sanamu.

Hatua ya 6: Jifunze kwa Mtakatifu Antoni kabla ya kufika kwa Kinga

Katika ngazi ya kwanza ya uchimbaji utapita Kikanisa cha Mtakatifu Antoni, cha mwisho wa karne ya 17. Vikundi vingi hukipita haraka. Wewe simama, kwa sababu ukikielewa hiki utaelewa chote kinachofuata.

Tazama nyuso za watakatifu. Pua hazipo, macho ni mashimo mepesi, mikono imekuwa visiki. Zimeliwa kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Hakuna aliyezivunja; ni hewa tu. Chumvi ya kawaida ina mpaka wake: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka juu juu. Kikanisa hiki kipo karibu na shimo, na kwa miaka mingi hewa ya kiangazi, yenye joto na maji, iliteremka, ikapoa kwenye kuta za mgodi, na kila ilipopoa unyevu wake ukapanda. Pumzi za wageni zikaongezea. Tatizo lilikuwa zito kiasi kwamba UNESCO iliuweka mgodi katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1989 hadi 1998, na ulitolewa humo baada ya mitambo ya kukausha hewa kufungwa.

Ndiyo maana utakatazwa kugusa michongo. Jasho la kidole kimoja si kitu. Vidole vya watu elfu kwa siku ni sawa na mvua.

Angalia pia mbao zinazoshikilia dari. Chuma mle hushika kutu upesi, lakini mti ulioshiba chumvi hauozi. Hugeuka mgumu kama jiwe. Nyingi zimepakwa rangi nyeupe, desturi ya zamani ya kurudisha mwanga wa taa hafifu.

Mbele kidogo, katika chumba cha Janowice, kuna sanamu za kisa cha Kinga. Ni binti wa Béla wa Nne, mfalme wa Hungaria, aliyeolewa na mtawala wa Poland, Bolesław. Hadithi inasema aliitupa pete yake katika mgodi wa chumvi kwao, na alipofika Poland akawaamuru watu wachimbe. Bonge la kwanza la chumvi lililopasuliwa likatoa pete ileile. Alitangazwa mtakatifu 16 Juni 1999 na Papa Yohane Paulo wa Pili. Katika chumba cha Spalone utaona sanamu za watu wanaotambaa wakiwa na miti mirefu yenye moto. Hao walikuwa wakiunguza gesi ya methani iliyojikusanya darini kabla haijawa nyingi ya kulipuka. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa kwa tumbo, kwa kuwa methani ni nyepesi na hupanda juu.

Hatua ya 7: Ndani ya Kikanisa cha Mtakatifu Kinga

Mtaingilia juu, kwenye roshani, kabla ya ngazi za kuteremka sakafuni. Usiteremke na umati. Jiegemeze pembeni, waache wapite, utazame ukumbi wote kwa mara moja. Hutaupata tena mtazamo huu ukishafika chini. Ukumbi huu ni pango lililobaki baada ya bonge kubwa la chumvi ya kijani kuchimbwa. Kazi ya kuligeuza kanisa ilianza 1896, na tani zaidi ya 20,000 za chumvi zilitolewa. Wachongaji wakuu walikuwa watatu, wote wachimbaji wa mgodi huu: Józef Markowski, ndugu yake Tomasz, na baadaye Antoni Wyrodek, aliyeendelea hadi miaka ya 1960.

Ukiteremka, fuata mpangilio huu.

Anza na sakafu. Inaonekana imetandikwa vigae. Inama: hakuna kigae, ni mwamba mmoja wa chumvi uliochorwa mistari.

Kisha inua macho kwenye taa za kuning'inia. Vile vipande vinavyong'aa kama kioo ni chumvi pia, iliyoyeyushwa na kugandishwa upya ili uchafu ubaki nyuma na iwe angavu.

Kisha nenda altareni. Katikati ni Kinga, na pembeni yake Yosefu, msimamizi wa maseremala, na Klementi, msimamizi wa wachimbaji. Seremala na mchimbaji ndio waliokuwa wakitegemeana chini huku: mmoja anachimba, mwingine anazuia dari lisimwangukie. Mimbari nayo imechongwa kwa mfano wa kuta za Wawel, ngome ya wafalme pale Kraków.

Kuta za pembeni ziache mwisho, na uzipe muda mrefu kuliko vyote. Kuna Kukimbilia Misri, Harusi ya Kana, Tomaso asiyeamini, na Karamu ya Mwisho ya Wyrodek, ambayo ndiyo ya kukaa nayo. Ukiitazama ukiwa umbali wa hatua nne au tano mbele yake, chumba cha karamu kinaonekana kina urefu wa mita kadhaa kwenda ndani. Sasa sogea hadi ukutani na uitazame kwa ubavu: kina chote ni cha sentimita chache tu. Mchongaji amepunguza unene kidogo kidogo, meza, watu, kuta, dirisha, mpaka jicho likakubali kudanganywa. Kumbuka pia malighafi yake. Chumvi ni laini, karibu na kucha ya binadamu, lakini fuwele zake hupasuka kwa bapa zilizonyooka. Patasi ikiingia kwa pembe isiyofaa, hutoki na chengachenga. Unatoka na kidole kizima cha mtume.

Picha: zima flashi. Mwanga wa flashi hugonga mchongo usoni na kufuta vivuli vyote, na bila vivuli Karamu ya Mwisho inakuwa ukuta wa kijivu. Simama ili taa ya ukumbini iwe ubavuni mwa mchongo, egemeza simu kwenye kikingo au begani kwa mwenzako, gusa skrini pale penye mwanga zaidi, shikilia pumzi, piga. Picha za ukumbi mzima piga kutoka roshani, kabla hujateremka.

Ni kanisa linalotumika. Vua kofia, punguza sauti, na kama yupo anayesali usipite mbele yake na simu.

Hatua ya 8: Kama unataka misa

Jumapili asubuhi huadhimishwa misa katika Kikanisa cha Mtakatifu Kinga, kwa Kipolandi, mapema kabla ziara hazijaanza kumiminika. Utaratibu wake ni tofauti na wa tiketi za watalii, na saa ithibitishe na mgodi wiki ileile. Kwa anayetafuta kanisa lenyewe, hii ndiyo njia bora: unakaa karibu saa nzima mahali ambapo mtalii hupewa dakika. Usitarajie kuzungukazunguka na kupiga picha wakati wa ibada. Asiyejua Kipolandi atafuata kwa mpangilio wa misa, ambao ni uleule wa Tabora au Bukavu. Harusi pia hufungwa mle, na ukumbi unapokuwa umekodiwa ziara huweza kubadilishwa kidogo.

Hatua ya 9: Kutoka

Baada ya Kinga watu hudhani wamemaliza. Bado. Kuna chumba cha Michałowice chenye msitu wa magogo yanayopanda hadi mita 35, ziwa la maji ya chumvi katika chumba cha Weimar, na Staszic, chenye dari la mita 36. Nguvu zikikuishia, zitakuishia hapa, kwa hiyo weka chupa ya maji mkobani.

Mwishoni mnafika penye maduka na mkahawa, na hapo njia inagawanyika: lifti, au jumba la makumbusho la mgodi katika mita 135. Makumbusho yamo ndani ya tiketi ya Njia ya Watalii lakini yanaongeza muda mrefu. Amua mapema, kwa sababu anayefuata tu umati hujikuta juu, na kurudi chini haiwezekani. Ukiwa na treni ya kuwahi, acha makumbusho. Usihesabu kwamba utatoka saa uliyopanga, maana foleni ya lifti haina adabu.

Lifti ni ya wachimbaji: vizimba vidogo, mnabanwa bega kwa bega, giza, inapanda kwa kasi na kutikisika. Safari ni fupi mno. Anayeogopa mahali pa kubana aingie wa mwisho ili asimame karibu na mlango, afumbe macho, na amwambie kiongozi mapema. Simu hupoteza mtandao sehemu nyingi za chini, basi wanaotembea kwa makundi wakubaliane mahali pa kukutana juu kabla ya kushuka.

Zawadi za chumvi

Vinyago, taa na rozari za chumvi ndizo watu hununua zaidi, na ndizo zinazoleta malalamiko baadaye. Ule mpaka wa asilimia 75 haubaki Poland. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar hewa hupita kiwango hicho siku nyingi za mwaka, na sanamu ya Kinga iliyowekwa juu ya kabati itaanza kutoa jasho wiki ya kwanza, itaacha doa la maji kwenye mbao, na baada ya masika moja itakuwa na uso kama wa watakatifu wa Mtakatifu Antoni. Ifunge kwa nailoni tangu dukani, ibebe kwenye mkoba wa mkononi, na ukifika pwani itunze ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, na vijiko viwili vya mchele uliokaangwa mkavu chini yake. Mchele ukilegea, ubadilishe. Taa ya chumvi iache ikiwaka mara kwa mara, joto la balbu huifukuzia unyevu. Ukiizima mwezi mzima wakati wa masika, chini ya taa weka sahani.